Kutoka Chichibunomiya hadi Kamaishi: shajara ya raga ya Japani

Ijumaa, 22 Novemba 2024. Kami-Igusa, Tokyo

Treni imenishusha Kami-Igusa saa nane mchana. Ni mtaa wa makazi magharibi mwa jiji: maduka madogo, baiskeli, wazee wenye mifuko ya mboga, na nje ya kituo kuna sanamu ya roboti Gundam. Chuo Kikuu cha Waseda kilihamishia uwanja wake wa raga mtaa huu mwaka 2002. Kesho wana mechi na Keio, kwa hiyo leo sikutarajia kuona mazoezi ya maana. Nilitaka tu kuona mahali ambapo vijana hawa huamkia.

Jambo la kwanza la kufahamu kuhusu raga ya vyuo huku ni wingi wa watu. Klabu ya chuo kikubwa huwa na wachezaji zaidi ya mia moja. Hupangwa kikosi cha kwanza, cha pili, cha tatu na kuendelea, na wengi wao huishi bweni moja. Siku ya mechi kubwa jezi zinazotolewa ni 23. Waliobaki, miongoni mwao vijana waliokuwa manahodha wa shule zao, huvaa makoti ya klabu na kwenda kukaa jukwaani. Wapo wanaomaliza miaka minne bila kuivaa jezi ya kwanza hata mara moja, na hawaondoki klabuni. Nimesafiri hadi huku hasa kwa sababu ya hao.

Muundo wa mashindano nitaueleza kwa ufupi. Vyuo vya eneo la Tokyo vimegawanyika makundi mawili tangu mwaka 1967. Kundi la kwanza ni la vyuo vyenye mechi za jadi: Keio, Waseda, Meiji, Teikyo, Tsukuba na wenzao. Kundi la pili ni ligi ya akina Tokai, Daito Bunka na Hosei. Magharibi kuna ligi ya Kansai yenye Tenri, Doshisha na Kyoto Sangyo. Desemba washindi hukutana katika mashindano ya taifa, na bingwa hupatikana Januari. Sambamba na hayo kuna Ligi ya Kwanza, League One, ya klabu za makampuni, iliyoanza Januari 2022 kuchukua nafasi ya Top League. Msimu wake mpya utafunguliwa tarehe 21 Desemba.

Kwetu Kenya vyuo kama Strathmore na Kenyatta huingia ligi ile ile na Kabras Sugar au KCB, wakapigwa au wakapiga. Huku milango hiyo miwili imetenganishwa. Swali linalonisumbua ni hili: kama wachezaji bora wote wako kwenye klabu za makampuni, raga ya vyuo imebaki na nini?

Jumamosi, 23 Novemba. Uwanja wa Chichibunomiya

Mechi ya Waseda na Keio, wenyewe huiita Sokeisen, huchezwa tarehe 23 Novemba kila mwaka, iwe Jumatatu au Alhamisi. Ilianza mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walioiandaa walipekua kumbukumbu za hali ya hewa wakitafuta siku isiyo na desturi ya mvua, wakaikuta hii. Leo pia haikunyesha.

Kuna jambo kuhusu mwaka ule ambalo lilinigusa niliposoma habari zake. Vyuo hivi viwili vilikuwa vimekatiana michezo tangu 1906, kwa sababu mashabiki wa besiboli walipandwa na jazba hadi wakubwa wakahofia damu. Raga ndiyo iliyowapatanisha kwanza. Besiboli ilirudi mwaka 1925. Siku ile ya 1922 watazamaji waliombwa wapige makofi tu, wasizomee. Keio walishinda 14-0, nao walistahili, maana ndio walioitangulia nchi nzima: mwaka 1899 Edward Bramwell Clarke, Mwingereza aliyezaliwa Yokohama, na Tanaka Ginnosuke, wote wawili waliosoma Cambridge, waliwafundisha wanafunzi wa Keio mchezo huu.

Ukitoka kituo cha Gaienmae unatembea dakika chache tu. Barabara yenye miti ya ginkgo jirani na uwanja imeanza kugeuka manjano na watu wanapiga picha kana kwamba hakuna mechi. Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1947 mahali palipokuwa na shule ya wasichana iliyoungua vitani. Watu wa raga walichanga fedha zao wakati nchi ilikuwa na njaa. Mwaka 1953 ukapewa jina la Mwanamfalme Chichibu aliyefariki mwaka ule. Mashabiki wa Kenya wameuona kwenye televisheni bila kuujua, kwa kuwa raga ya wachezaji saba ya Tokyo ilichezwa hapa na timu yetu ikaja. Mpango uliopo ni kuubomoa na kujenga mwingine wenye paa karibu na hapo. Mimi sikubaliani nao. Viti ni vya kizamani na vyoo ni vichache, lakini ukikaa safu ya chini unasikia pumzi za skramu, wachezaji wa mbele wakibanana na kusukumana, na hilo halijengwi upya kwa urahisi.

Kuhusu mechi sina mengi ya kusema. Waseda, wekundu na weusi, walishinda 57-3. Keio, wenye mistari myeusi na ya manjano, walikaba kwa ujasiri wa kuumiza moyo. Kijana wao mmoja wa nyuma, mwembamba, aliangusha fowadi mkubwa wa Waseda, akasimama akichechemea, akamwangusha tena yule yule ndani ya mwendo ule ule. Trai ilifungwa hata hivyo, upande wa pili wa uwanja. Yeye akarudi mbio chini ya milingoti pamoja na wenzake kusubiri mkwaju wa nyongeza.

Nilikaa nyuma ya vijana wa Keio waliovaa makoti. Matokeo yalipofika hali ambayo sisi tungeanza kuondoka kwenda kutafuta matatu, wao walizidi kupaza sauti. Waliita majina. Kila Keio walipoiba mpira mmoja kwenye rundo, walishangilia kama wamefunga. Mmoja wao aliandika kila kitu kwenye daftari: dakika, nani amekaba, nani amekosa. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa timu zikajipanga, zikainamiana, kisha zikaja mbele ya jukwaa zikainama tena. Wale wa daftari na makoti wakasimama wima wakainama nao.

Binamu yangu, anayefanya kazi Fuchu na ndiye mwenyeji wangu, alinisubiri langoni. "Kaka, umeona hakuna aliyetoka mapema?" akaniuliza. Nilikuwa nimeliona.

Jumapili, 24 Novemba

Nimelala, nimefua, nimekula ugali wa unga uliotoka nyumbani kwenye sanduku langu. Binamu alikuwa ameukumbuka kwa muda mrefu.

Jumatatu, 25 Novemba. Fuchu

Fuchu ni mji wa magharibi mwa Tokyo wenye klabu mbili za daraja la kwanza la Ligi ya Kwanza: Brave Lupus ya Toshiba na Sungoliath ya Suntory. Hebu fikiria Gor Mahia na AFC Leopards wakiishi kata moja, kila mmoja akilipwa na kampuni yake. Brave Lupus ndio mabingwa. Mwezi Mei waliwafunga Wild Knights wa Saitama 24-20 mbele ya watazamaji 56,486, taji lao la kwanza baada ya miaka 14. Nahodha wao ni Michael Leitch, yule yule wa Kombe la Dunia la 2015 kule Brighton tulipoona Afrika Kusini ikilazwa 34-32. Ukitaka kuelewa njia ya mchezaji wa Japani, fuata maisha yake. Alitoka New Zealand akiwa kijana wa miaka 15, akasoma sekondari Sapporo, akaenda Chuo Kikuu cha Tokai, kisha Toshiba. Shule, chuo, kampuni: ngazi ni hiyo, hata kwa mgeni.

Raga ya makampuni ina desturi yake ya ajira. Kwa miaka mingi mchezaji alikuwa mfanyakazi kwanza. Asubuhi alikuwa ofisini au kiwandani, alasiri uwanjani, na akistaafu mchezo alibaki na kazi yake hadi uzee. Siku hizi wapo wanaolipwa kwa kucheza tu, na nyota wa dunia kama Richie Mo'unga huja kwa mikataba mikubwa. Bado wapo wengi wa mtindo wa zamani. Binamu anasema kazini kwao kuna mzee wa hesabu ambaye wote wanajua alikuwa mshambuliaji wa mbele, kwa sababu ya masikio yake yaliyovimbishwa na skramu tu.

Mtindo huo una uzuri wake, ila hatari yake ni kubwa. Kampuni ikibadili nia, klabu inakufa hata kama mashabiki bado wapo. Red Sparks ya Coca-Cola ilivunjwa mwaka 2021, Sanix Blues ya Munakata mwaka uliofuata. Ligi mpya imezitaka klabu zibebe majina ya miji yao, na hilo naliunga mkono, lakini mlipaji mkuu bado ni kampuni. Klabu zetu za nyumbani zinazotegemea kiwanda cha sukari au benki zingefanya vyema kuitazama Munakata kwa makini.

Jina la Fuchu lina mahali pake pia katika hadithi ya vyuo. Tangu miaka ya 1960 bingwa wa makampuni na bingwa wa vyuo walikutana kugombea ubingwa wa Japani, na kwa miaka mingi mechi hiyo ilichezwa tarehe 15 Januari, sikukuu ya vijana wanaotimiza umri wa utu uzima. Wasichana walikuja uwanjani wamevaa kimono za mikono mirefu. Januari 1988 Waseda waliifunga Toshiba Fuchu 22-16. Tangu siku ile hakuna chuo kilichowahi kuwa bingwa wa Japani.

Jumanne, 26 Novemba. Njiani kwenda Kamaishi

Treni ya kasi hadi Shin-Hanamaki, kisha treni ndogo inayopenya milima hadi pwani. Baridi imenikamata kwelikweli kwa mara ya kwanza. Nimefika usiku, nimekula ramen ya Kamaishi: tambi nyembamba sana, mchuzi mwepesi wa soya. Mwenye mkahawa alinieleza kwa ishara na tafsiri ya simu kwamba wafanyakazi wa chuma hawakuwa na muda wa kusubiri tambi nene ziive.

Jumatano, 27 Novemba. Unosumai

Kamaishi ni mji mdogo wa chuma na samaki uliobanwa kati ya milima na bahari, na ulikuwa mfalme wa raga ya Japani. Timu ya kiwanda, Nippon Steel Kamaishi, ilichukua ubingwa wa nchi mara saba mfululizo, kuanzia Januari 1979 hadi Januari 1985. Wengi wa wachezaji walikuwa vijana wa sekondari za kaskazini ambao hakuna chuo kikubwa kilichowataka. Walichanganywa na wasomi wachache kama Matsuo Yuji na Mori Shigetaka, wote wawili kutoka Meiji. Mara ya saba waliwafunga Doshisha 31-17. Doshisha ile ilikuwa bingwa wa vyuo kwa miaka mitatu mfululizo na ilikuwa na nyota Hirao Seiji. Matsuo alistaafu siku hiyo. Kisha chuma kikaporomoka. Tanuru la mwisho lilizimwa mwaka 1989, na mwaka 2001 timu ikageuzwa kuwa klabu ya wananchi, Seawaves, ambayo sasa iko daraja la pili.

Asubuhi nimepanda treni ya Sanriku hadi Unosumai, na uwanja unaonekana kutoka kituoni. Hapa palikuwa na shule mbili, ya msingi na ya sekondari ya chini. Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilipotikisika, wanafunzi wa sekondari walianza kukimbia kupanda mlima bila kungoja tangazo, na wale wadogo wakawafuata. Wakubwa waliwashika mikono. Walipofika mahali palipodhaniwa salama wakaona hapatoshi, wakapanda tena. Karibu watoto 600 waliokuwa shuleni wakaokoka, na majengo yote mawili yakazama katika tsunami.

Lakini katika mji wa Kamaishi watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Karibu na kituo kuna bustani ya kumbukumbu iliyojengwa mahali palipokuwa na kituo cha kujikinga na majanga, ambako watu wengi walikimbilia wakidhani wamefika salama, maji yakawafuata humo humo. Majina yamechongwa ukutani. Nimeyasoma niliyoweza kuyatambua, hasa yale ya ukoo mmoja yaliyofuatana, sita, saba.

Siku zile za 2011 Seawaves walikuwa na Mwaustralia, Scott Fardy. Angeweza kuondoka kama wageni wengi. Alibaki na wenzake wakabeba magunia, mafuta na wazee. Miaka minne baadaye alicheza fainali ya Kombe la Dunia akiwa na jezi ya Australia.

Uwanja ulifunguliwa Agosti 2018. Viti vingi ni vya mbao, mierezi iliyonusurika moto wa msitu wa jirani mwaka 2017, na ukivigusa unahisi mishipa ya mti. Tarehe 25 Septemba 2019, katika Kombe la Dunia, Uruguay iliishangaza Fiji hapa 30-27. Mechi ya pili, Namibia na Kanada, haikuchezwa kwa sababu ya kimbunga Hagibis. Wakanada wakachukua sepeto wakaenda kuzoa matope mitaani.

Leo hapakuwa na mechi. Mzee aliyekuwa akifagia njia alinionyesha kwenye simu yake picha za mashabiki wakipeperusha bendera kubwa za rangi kali, zile ambazo wavuvi hupandisha mashua ikirudi imejaa samaki. Ndizo bendera za Kamaishi tangu enzi ya mataji saba. Nikamuuliza kama anadhani timu itarudi daraja la kwanza. Akajibu kwamba yeye huja kila mechi ya nyumbani. Sikuona haja ya kuuliza tena.

Alhamisi, 28 Novemba. Siku nzima ndani ya treni hadi Kyoto

Milima, handaki, handaki, milima. Nimetumia muda kuandika kisa ambacho kila Mwafrika anayesafiri kusoma atakielewa. Mwaka 1980 Chuo cha Daito Bunka kiliwapokea vijana wawili kutoka Tonga, Nofomuli Taumoefolau na Hopoi Taione. Walikuja kujifunza soroban, ubao wa shanga wa kuhesabia, kwa kuwa mfalme wao aliipenda sana hesabu ya Kijapani. Kumbe walijua pia raga. Kutoka kwao ulifunguka mlango ambao Watonga wengi wamepita hadi timu ya taifa. Vijana wetu wa Kenya waliopita mlango kama huo ni wakimbiaji. Joseph Otwori na wenzake wa Yamanashi Gakuin ndio waliowaonyesha Wajapani, mwaka 1989, Mkenya akikimbia Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo. Kwenye raga bado hatujapenya, na sioni kwa nini tusipenye.

Ijumaa, 29 Novemba. Kyoto na Hanazono

Ndani ya msitu wa hekalu la Shimogamo kuna kihekalu kidogo, Sawata-sha. Kengele yake ina umbo la mpira wa raga, na vibao vya dua vimechongwa hivyo hivyo. Hapa mwaka 1910 mwanafunzi wa Keio aliwafundisha raga wanafunzi wa Shule ya Juu ya Tatu, iliyokuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyoto. Nimesoma vibao kwa msaada wa simu. Nilidhani nitakuta maombi ya ushindi. Yapo, lakini mengi yanaomba goti lipone na msimu uishe bila majeruhi. Kimoja, chenye mwandiko wa mtoto, kilimwombea kaka achaguliwe.

Mchana nikaenda Higashi-Osaka. Hanazono ulikuwa uwanja wa kwanza wa raga nchini, wa mwaka 1929. Mwanamfalme Chichibu alipita huko kwa treni, akaona ardhi tupu, akawashauri watu wa reli iliyokuja kuitwa Kintetsu wajenge. Kila mwisho wa Desemba shule za sekondari kutoka mikoa yote huja kucheza hapa, na kijana aliyefika Hanazono hulitaja hilo maisha yake yote. Leo malango yalikuwa yamefungwa, nikauzunguka kwa miguu.

Jumamosi, 30 Novemba. Kobe, kisha Tokyo

Nimepita Kobe kwa saa chache tu. Kobe Steel, chini ya yule Hirao aliyeshindwa na Kamaishi alipokuwa mwanafunzi, nao walichukua mataji saba mfululizo. La saba lilipatikana tarehe 15 Januari 1995 dhidi ya Daito Bunka: 102-14. Siku mbili baadaye tetemeko likaipiga Kobe, likaua watu zaidi ya 6,000.

Hiyo 102-14 ndiyo iliyonifanya nikubali, kwa shingo upande, kwamba vyuo na makampuni kutengana kulikuwa sahihi. Ni kweli Waseda waliifunga Toyota 28-24 mwaka 2006, na Teikyo waliifunga NEC 31-25 mwaka 2015, na siku hizo zinakumbukwa kama arusi. Lakini kumweka kijana wa miaka 20 mbele ya fowadi wa kimataifa mwenye kilo 120, kwa ajili ya mila, ni kuchezea shingo yake. Milango ilifungwa kwa sababu nzuri.

Jumapili, 1 Desemba. Uwanja wa Taifa, Tokyo

Jumapili ya kwanza ya Desemba ni ya Waseda na Meiji. Wamekutana tangu 1923. Mwaka 1982 uwanja wa taifa wa zamani ulijaa watu zaidi ya 60,000 kwa mechi hii ya wanafunzi. Mwaka 1987 ilichezwa juu ya theluji, Waseda wakashinda 10-7, na wazee bado wanasimulia mvuke uliopaa kutoka kwenye skramu. Waseda wa theluji ile ndio walioifunga Toshiba mwezi uliofuata.

Binamu na mimi tulifika mapema. Mbele yetu babu, baba na msichana wa miaka kama kumi, wote watatu wamevaa skafu za zambarau na nyeupe za Meiji. Babu alitusalimia, akatupa machungwa. Alisoma Meiji enzi za kocha Kitajima Chuji, aliyeiongoza timu hiyo kuanzia 1929 hadi alipofariki mwaka 1996. Wosia wake ulikuwa mmoja: mbele. Usikwepe, usizunguke, fowadi wabane, wasukume, wasonge. Waseda wao, kwa desturi, huutoa mpira pembeni haraka na kukimbia. Mitindo hiyo imechanganyika siku hizi, lakini jukwaa halijakubali. Kila skramu ya Meiji ilipopiga hatua, ngurumo ilishuka kutoka juu kabisa.

Mechi ilikuwa ya kugombaniwa hadi tone la mwisho. Waseda walikuwa hawajafungwa msimu huu. Mwezi uliopita waliwalaza Teikyo, mabingwa wa taifa, 48-17. Meiji hawakujali hayo. Walibanana na Waseda sako kwa bako, na dakika za mwisho tofauti ilikuwa alama tatu, penalti moja tu. Nilikoma kuandika. Waseda walikaba, wakaamka, wakakaba, na kila aliyeanguka alikuwa amesimama kabla refa hajafika. Filimbi: 27-24, Waseda.

Hapo nikaangalia mahali nilipokusudia kuangalia tangu mwanzo, kwenye makoti. Upande wa Waseda walikumbatiana wakilia, vijana ambao hawakugusa mpira. Upande wa Meiji kijana mmoja mkubwa, fowadi bila shaka, alikaa ameinama, mikono juu ya kichwa. Mwenzake aliyekuwa bado na jezi yenye matope alikuja hadi ukingoni mwa jukwaa, akamtafuta kwa macho, akamwinamia yeye peke yake. Yule wa juu akasimama na kuinama pia. Sijui walikuwa nini kwa kila mmoja. Pengine waligombea namba moja miaka minne.

Nadhani swali langu la Kami-Igusa limepata jibu lake hapo. Ligi ya Kwanza ina mchezo bora kuliko huu, na nitaifuatilia kwa hamu. Ila jezi ya Waseda au Meiji haiwezi kununuliwa kwa mkataba, haivaliwi zaidi ya miaka minne, na anayeivaa anajua kwa majina watu mia moja waliokosa. Teikyo wamelielewa hilo kwa namna yao. Kocha wao wa zamani, Iwade Masayuki, aligeuza desturi ya mabweni, ambako wa mwaka wa kwanza walikuwa watumwa wa wakubwa. Kwake wa mwaka wa nne ndio waliokuwa wakifagia na kupakua chakula, ili wadogo wapate nafasi ya kukua. Walichukua mataji tisa ya taifa mfululizo kuanzia msimu wa 2009. Wakubwa wa shule zetu za bweni, na wale wa raga hasa, wangesoma jambo hapo.

Babu alituaga. "Tutaonana Januari," akasema, akimaanisha mashindano ya taifa. Binamu akamwahidi kwamba atakuwepo.

Jumatatu, 13 Januari 2025. Nairobi

Binamu alitimiza ahadi, akanitumia sauti kwa simu tangu mpira ulipopigwa. Meiji walikuwa wametolewa na Teikyo nusu fainali, 34-26. Leo Waseda, ambao walikuwa hawajafungwa na yeyote msimu huu, walikutana na Teikyo wale wale ambao wao waliwalaza Novemba, wakafungwa 33-15. Waseda wana wimbo, Araburu, ambao huimbwa tu wakiwa mabingwa wa taifa. Wa mwisho kuuimba walikuwa wa Januari 2020, kwa hiyo kikosi chote cha sasa cha wanafunzi wa mwaka wa nne kinahitimu bila kuuimba. Teikyo wamefikisha mataji 13, sawa na Meiji. Waseda wanabaki na 16.